Nyumba Iliyokosa Mnunuzi: Somo juu ya Mikopo ya Nyumba katika Vyama vya Msingi



Katika safari za ukaguzi ndani ya mkoa wetu, kuanzia Bariadi na Itilima hata Maswa, Meatu na Busega, liko jambo ambalo mkaguzi huliona kabla hajafungua leja yoyote. Kando ya barabara yamesimama maboma: kuta za matofali ya kuchoma zilizofika kwenye lenta zikaishia hapo, madirisha hayana fremu, na ndani mbuzi wamejipatia kivuli. Kila boma ni akiba ya mtu iliyolala. Mwenyewe anakaa ng'ambo ya uwanja katika nyumba ya udongo, na kila asubuhi akitoka nje hulitazama boma lake na kupiga hesabu ya bati.

Hesabu hiyo ya bati ndiyo inayomleta mwanachama mezani kwa Katibu wa SACCOS kuomba mkopo. Kwa hiyo nimeona yafaa somo la toleo hili liwe juu ya mikopo ya nyumba: jinsi inavyoweza kumpa mkulima paa, na jinsi inavyoweza kumwondolea hata lile alilokuwa nalo. Nitaanza na kisa nilichokikuta mwenyewe. Jina la chama silitaji, wala la mwanachama, kwa kuwa kosa lenyewe limo katika vyama vingi na si haki kumbebesha mmoja.

KISA CHENYEWE

Mwanachama huyo ni mkulima wa pamba, baba wa watoto sita, mtu asiyejulikana kwa ulevi wala uvivu. Alikuwa amefyatua na kuchoma matofali yake mwenyewe, akainua boma la vyumba vinne. Mwezi wa Oktoba aliomba na kupewa mkopo wa shilingi 3,000,000 ili apaue na kuezeka. Riba iliandikwa asilimia 2 kwa mwezi, muda miezi 24, na rejesho shilingi 185,000 kila mwezi kuanzia Novemba. Dhamana ilikuwa nyumba yenyewe pamoja na kiwanja chake. Bati zikanunuliwa, nyumba ikaezekwa, jirani wakaja kupongeza.

Novemba alilipa kwa kuuza mbuzi. Desemba na Januari alilipa kwa kuuza ng'ombe. Februari, mwezi ambao kila mtu aliyelima pamba anajua mfukoni kuna nini, hakuwa na cha kuuza ila jembe. Kwa kuogopa aibu ya kuitwa mbele ya Kamati ya Mikopo, alikwenda kwa mkopeshaji binafsi mjini, wale ambao watu wamewaita kausha damu, akachukua shilingi 185,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Machi akarudia. Aprili akarudia tena. Mei na Juni hakulipa kitu, kwa sababu pamba ilikuwa bado inachumwa na kusubiri fedha.

Fedha za pamba zilipotoka Julai, alikuwa ameuza kilo 1,400 kwa shilingi 1,200, yaani shilingi 1,680,000. Deni la mkopeshaji wa mjini, ambalo asili yake ni shilingi 555,000, lilikuwa limefika shilingi 999,000. Akalilipa lote, maana wale hawangoji mkutano mkuu. Zikabaki 681,000. Chama kikakata malimbikizo ya Mei, Juni na Julai, shilingi 555,000. Mkononi mwake zikabaki shilingi 126,000, nazo ndizo ziliitwa mapato ya mwaka mzima wa jasho la watu wanane.

Agosti hakulipa. Septemba hakulipa. Bodi ikakutana, ikasoma masharti ya fomu, ikaamua nyumba iuzwe kwa mnada.

Siku ya mnada watu walikuja wengi, kama wajavyo msibani, wakakaa chini ya mti wakanyamaza. Dalali aliita bei mara tatu. Hakuna aliyetaja hata shilingi moja. Hatimaye alisimama mfanyabiashara mmoja aliyetoka nje ya kijiji, akasema yeye nyumba haihitaji, lakini kama chama kinakubali yuko tayari kununua bati na mbao za kenchi, na atazishusha mwenyewe kwa vijana wake. Mzee aliyekaa karibu na mwenyekiti akajibu kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, makaburi ya baba zake yako nyuma ya ukuta huo. Nani atalala humo?" Mnada ukavunjika.

Nilifika chamani baada ya wiki mbili kwa ukaguzi wa kawaida. Niliomba fomu ya mkopo huo, nikakuta kwamba mke wa mwanachama hakutia saini mahali popote. Nilipomwuliza Katibu sababu, alijibu kwa unyofu kabisa kwamba mama huyo si mwanachama, kwa hiyo hakuona haja.

NYUMBA NA BEI YAKE

Hebu tuanze na lile lililoonekana siku ya mnada, maana ndilo kiini cha somo. Tumezoea kusema kwamba nyumba ni mali, na mali ni dhamana. Maneno hayo ni kweli mahali penye soko la nyumba, yaani mahali ambapo mtu akitaka kuuza atapata mnunuzi, na bei yake itakaribiana na gharama ya kujenga. Katika vijiji vyetu vingi soko hilo halipo. Nyumba ya kijijini hujengwa na mtu kwa ajili ya watu wake, katika ardhi ya ukoo, na anayetaka nyumba hujenga ya kwake. Tena, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, mtu asiye mkazi wa kijiji hawezi kununua haki ya ardhi ya kijiji pasipo idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Basi wanunuzi ni majirani tu, na majirani ndio wale waliokaa chini ya mti wakanyamaza.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Dhamana ya namna hii haimlindi mkopeshaji, kwa kuwa hawezi kuiuza; lakini inaweza kumwangamiza mkopaji, kwa kuwa inaweza kubomolewa. Chama kinachoandika katika leja kwamba mkopo wa shilingi milioni tatu umelindwa na nyumba ya shilingi milioni nane kinajidanganya chenyewe. Ukweli ni kwamba umelindwa na bati zilizotumika, kwa bei ya aliyekuja na vijana wake.

Mjini hali ni tofauti, lakini si tofauti sana kama wengi wanavyodhani. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu yake, watumishi walihitaji vyumba, na watu wengi wakaona kujenga nyumba ya kupangisha ni biashara isiyo na hasara. Tuchukue mfano wa nyumba iliyogharimu shilingi 30,000,000 na inayopangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka huleta 1,800,000, nayo ni asilimia 6 ya gharama, kabla hujapaka rangi wala kuziba bati linalovuja. Kama fedha hizo zimekopwa benki kwa riba ya asilimia 17, mwaka wa kwanza riba peke yake ni shilingi 5,100,000. Kodi ya mpangaji haitoshi kulipa hata theluthi mbili za riba, achilia mbali deni lenyewe. Mwenye nyumba hulipa tofauti hiyo kutoka katika mshahara, duka au mifugo, na vikishindwa hivyo hutafuta mnunuzi, naye hukuta kwamba wenzake watatu katika mtaa uleule wameweka vibao vya kuuza.

Msomaji asidhani kuwa haya ni maradhi ya maskini peke yao. Marekani, nchi yenye mabenki makubwa, katika miaka ya kuelekea 2008 ilikopesha nyumba watu ambao kipato chao hakikuchunguzwa kwa makini, kwa imani kwamba akishindwa mtu, nyumba itauzwa kwa faida, kwa kuwa bei za nyumba hupanda siku zote. Bei zikashuka. Nyumba nyingi zikawa na thamani ndogo kuliko deni lililokuwa juu yake, mamilioni ya watu wakazipoteza, na Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikafilisika, ikatikisa dunia nzima. Kosa lao na kosa la chama chetu kidogo ni moja: wote waliitazama nyumba badala ya kumtazama mlipaji.

TULIKOTOKA

Yafaa makatibu vijana wajue kwamba nchi yetu imewahi kuwa na benki ya kazi hii. Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ikarithi kazi za kampuni ya mikopo ya nyumba iliyokuwapo tangu 1967. Baadaye ukawekwa na mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, ambao waajiri waliuchangia. Nia ilikuwa njema na nyumba nyingi zilijengwa. Lakini marejesho yalikuwa hafifu, riba ilikuwa ndogo kuliko kasi ya kupanda kwa bei za vitu, na mikopo mingine ilitolewa kwa kumwangalia mwombaji ni nani badala ya kuangalia atalipa nini. Mwaka 1995 benki hiyo ilifungwa.

Baada ya hapo, kwa miaka mingi, mtu wa kawaida hakuwa na mahali pa kukopa kwa ajili ya nyumba. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria maalumu ya mikopo ya rehani za nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ili kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu. Riba zilizokuwa kati ya asilimia 22 na 24 mwaka huo wa 2010 zilishuka baadaye hadi kati ya 15 na 19. Hata hivyo mikopo yote ya rehani nchini bado haifikii asilimia moja ya pato la taifa, nayo humtaka mkopaji awe na hati ya kiwanja kilichopimwa na kipato kinachoonekana kila mwezi. Mkulima wa Nkololo au Dutwa hana hata kimoja kati ya hivyo viwili. Ndiyo sababu SACCOS na chama cha msingi vimebaki kuwa benki yake ya nyumba, vipende visipende.

Nasi si wa kwanza katika jambo hili. Mwaka 1775 huko Birmingham, Uingereza, watu wa kipato cha kawaida walikutana katika nyumba ya wageni ya Richard Ketley wakaanzisha chama cha kujengeana nyumba. Kila mmoja alitoa mchango kila mwezi, na fedha zikitosha nyumba moja, mmoja wao alijengewa. Aliyekwisha kujengewa aliendelea kuchanga mpaka wa mwisho apate, kisha chama kikavunjwa. Akina mama wetu wanaocheza upatu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wao huliita kwa jina jingine tu. Kenya nao wana NACHU, muungano wa vyama vya ushirika vya nyumba, tangu mwaka 1979.

RIBA BAPA NA RIBA YA SALIO

Sasa tufike kwenye hesabu, ambayo ndiyo kazi ya Katibu, na naomba kila msomaji achukue kalamu.

Mkopo wa kisa chetu ulihesabiwa kwa riba bapa. Maana yake, asilimia 2 ilipigwa juu ya shilingi 3,000,000 kila mwezi kwa miezi yote 24, kana kwamba mkopaji hajarudisha hata senti. Riba ya mwezi ni 60,000. Mara 24 ni 1,440,000. Jumla ya kulipa ni 4,440,000, ambayo ukiigawa kwa 24 hutoa 185,000.

Chukua mkopo uleule, asilimia ileile, muda uleule, lakini uhesabu riba juu ya salio linalopungua. Kila mwezi mkopaji hurudisha 125,000 ya asili. Mwezi wa kwanza riba ni 60,000. Mwezi wa pili anadaiwa 2,875,000, kwa hiyo riba ni 57,500. Mwezi wa tatu ni 55,000, na huendelea kushuka kwa 2,500 mpaka mwezi wa mwisho ambapo ni 2,500 tu. Jumlisha zote, utapata 750,000. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni shilingi 690,000, nayo kwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo ni kilo 575 za pamba. Kilo hizo mwanachama amezilima, amezipalilia na kuzichuma kwa sababu ya neno moja ambalo halikuelezwa katika fomu.

Ukitaka kuilinganisha riba bapa ya asilimia 2 kwa mwezi na riba ya salio, ni sawa na takriban asilimia 3.4. Basi mkopeshaji anayesema "mbili tu" na mwingine anayesema "tatu ya salio" wakisimama pamoja, wa pili ndiye mwenye bei nafuu. Wanachama wengi humkimbilia wa kwanza. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, nikiwa tayari na miaka minane kazini, niliezeka nyumba yangu kwa mkopo wa riba bapa na sikugundua mpaka nilipokaa usiku mmoja na daftari la mtoto wa shule. Bati zenyewe nilinunua geji 32, kwa sababu nilidhani kwamba namba kubwa ndiyo bati nene. Ni kinyume: namba ya geji ikipanda, bati ni jepesi. Nakiandika hiki ili asiwepo wa kurudia.

Si kwamba riba bapa ni haramu. Chama kinaweza kuitumia kama mkutano mkuu umeikubali kwa kuielewa. Lakini Katibu hana budi kumwonyesha mwombaji jumla ya shilingi atakazolipa, kwa tarakimu, kabla hajatia saini. Asilimia peke yake ni giza.

REJESHO LIFUATE MSIMU

Kosa kubwa zaidi katika kisa kile halikuwa riba. Lilikuwa kalenda. Mwalimu na mganga hupata mshahara kila mwisho wa mwezi, na rejesho la mwezi limetengenezwa kwa ajili yao. Mkulima wa pamba hupata fedha mara moja: msimu hufunguliwa Mei, na fedha humfikia kati ya Juni na Agosti, au hata baadaye. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu wakisubiri malipo ya pamba iliyokwisha kupimwa. Kumdai mtu huyu shilingi 185,000 kila mwisho wa mwezi ni kumtuma kwa kausha damu, hata kama Katibu hakukusudia.

Njia ifaayo ni rejesho la msimu. Mathalani mkopo wa shilingi 3,000,000 utolewe Agosti kwa misimu miwili, riba asilimia 18 kwa mwaka juu ya salio. Msimu wa kwanza mkopaji atalipa asili 1,500,000 na riba 540,000, jumla 2,040,000. Msimu wa pili atalipa 1,500,000 na 270,000, jumla 1,770,000. Sasa geuza fedha iwe pamba, maana mkulima hufikiri kwa kilo. Kwa bei ya 1,200, rejesho la kwanza ni kilo 1,700. Kama shamba lake hutoa kilo 300 kwa ekari, anahitaji ekari tano na theluthi mbili zilimiwe deni tu, kabla hajalipa pembejeo wala kununua sare ya shule. Bei ikishuka hadi 900, kilo zinakuwa 2,267, na ekari zinapita saba na nusu.

Hesabu hii ya kilo na ekari ndiyo dhamana ya kweli. Mwombaji mwenye ekari nne asipewe mkopo huo, hata kama nyumba yake ni nzuri kuliko ya Mkuu wa Wilaya. Apewe milioni moja aezeke vyumba viwili, na vyumba vingine vingoje. Kamati ya Mikopo itaonekana katili siku hiyo, na ni afadhali.

MAMBO YA SHERIA

Kuhusu saini ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema wazi kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kupangishwa na mmoja wa wanandoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, nayo hutaka ridhaa hiyo katika rehani. Uanachama haukuulizwa. Rehani ya kisa chetu ilikuwa na ufa tangu siku iliyoandikwa, na mama yule angekwenda kwenye baraza, chama kingelipa gharama juu ya hasara. Katibu amwite mwenzi wa ndoa, amsomee masharti kwa lugha anayoielewa, kama ni Kisukuma basi Kisukuma, ndipo atie saini au dole gumba mbele ya mashahidi. Mtu mwenye wake zaidi ya mmoja aulizwe ni nani anakaa katika nyumba hiyo.

Kadhalika, makato ya deni kutoka katika malipo ya pamba yanayopitia AMCOS lazima yawe na idhini ya maandishi ya mwanachama, yenye kiasi. Na jumla ya fedha ambazo chama chenyewe kinakopa nje ili kukopesha wanachama isipite ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Nimekuta Bodi zinazokiona kifungu hicho kama mapambo.

Juu ya wakopeshaji binafsi, wanachama wajue kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mtu anayekopesha kwa biashara hutakiwa kuwa na leseni. Asiye na leseni anayeshika kadi ya benki ya mtu au hati ya kiwanja hana mahali pa kusimama. Mikopo ya simu nayo, ijapokuwa ni midogo, huingia katika hesabu. Kamati imwulize mwombaji bila haya anadaiwa na simu ngapi.

KUJENGA KWA HATUA

Kwa muda mrefu tumewacheka watu wenye maboma. Siku hizi siwacheki. Boma ni njia ya mtu asiye na mshahara kujenga bila deni: mwaka huu matofali, mwaka ujao msingi, mwaka wa tatu kuta. Kinachoharibu ni kukaa bila paa, kwa maana mvua mbili tatu hula udongo wa kuunganishia na kuta zikaanza kuinama. Kwa hiyo, kama chama kina fedha kidogo, mahali pa kuziweka ni paa, na si msingi. Mwanachama afike lenta kwa nguvu zake, ndipo chama kimshike mkono. Yule aliyefika lenta amekwisha kuonyesha kwamba ni mjenzi. Anayekopa kwa ajili ya msingi bado ana maneno tu.

Kabla ya hapo Kamati iende ikatazame udongo. Udongo mweusi wa mbuga hutanuka kwa mvua na kupasuka kwa jua, na nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi mfupi hupata ufa kabla rejesho la pili halijafika. Penye luseni, ule udongo wa kichanga wa miinuko, ujenzi ni salama zaidi. Wazee walijua hili. Ndiyo maana miji ya zamani imekaa juu ya miinuko na mbuga zikaachiwa mpunga na malisho.

Bati zisinunuliwe na mtu mmoja mmoja dukani. Waombaji ishirini wakikusanywa pamoja, chama kinaweza kuagiza mzigo mmoja kutoka Mwanza, kikachagua geji, kikakagua alama ya ubora, na kumkabidhi kila mmoja bati badala ya fedha. Katika kisa chetu fedha zilikwenda kwenye bati kweli, lakini si kila mahali. Zipo milioni nyingi katika leja zetu zilizoandikwa "kuezeka" ambazo zimezunguka mjini kama pikipiki.

Neno moja juu ya matofali. Mkoa wa Shinyanga, ambao sehemu kubwa ya Simiyu ilikuwa ndani yake, ulifika mahali pa kuitwa jangwa, na mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 ngitili zilirudishwa kwa taabu. Tanuri moja la matofali hula miti ya miaka mingi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulifundisha matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila kuchomwa. Mashine ni ghali kwa mtu mmoja, si kwa chama.

Tukirudi kwa mwanachama wetu: alikuwa amekwisha kulipa marejesho tisa, jumla 1,665,000, na kwa riba bapa alidaiwa bado 2,775,000. Nilishauri Bodi ifute mnada, itenge asili iliyobaki ya 1,875,000, na iigawe kwa misimu mitatu kwa riba ya asilimia 18 juu ya salio: 962,500 msimu wa kwanza, 850,000 wa pili, 737,500 wa tatu. Wajumbe wawili walipinga, wakisema tunamzawadia mdaiwa sugu. Niliwauliza ni nani kati yao yuko tayari kwenda kuhama katika nyumba ile. Mkutano ulikubali, mke alitia saini safari hii. Misimu miwili imelipwa. Wa tatu haujafika, na mvua za mwaka huu sisi sote tumeziona.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA VIKUNDI

Chukueni mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Hesabuni jumla ya riba kwa njia ya bapa, kisha kwa njia ya salio. Tofauti ni kilo ngapi za pamba kwa bei ya msimu uliopita kijijini kwenu?

Fungueni leja ya mikopo ya chama chenu. Ni mikopo mingapi imedhaminiwa kwa nyumba? Kati ya hiyo, ni mingapi yenye saini ya mwenzi wa ndoa?

Je, katika kijiji chenu, kwa muda wa miaka mitano, imewahi kuuzwa nyumba kwa mtu asiye wa ukoo? Kwa bei gani, na aliyeuza alikwenda kuishi wapi?

Majibu yaletwe ofisi ya Chama Kikuu na Katibu, pamoja na taarifa ya mwezi.